Mkono Unaolisemesha Ua

Baridi inapoingia Japani, chumba cha chai huwekwa ua moja tu, na mara nyingi ua hilo ni kamelia. Haliwekwi likiwa limekwisha kuchanua. Huchaguliwa tumba lililoanza tu kufumbuka, likaachiwa majani machache, mengine yakaondolewa, kisha likanyunyiziwa matone ya maji yakae juu yake mithili ya umande wa alfajiri. Chombo chake ni kipande cha mwanzi au gudulia la udongo lisilo na nakshi. Mgeni huingia kwa magoti kupitia kijilango kifupi, hulisogelea ua, huliinamia, hulitazama kwa utulivu, ndipo akaenda kuketi. Kamelia na mchai ni ndugu wa jenasi moja. Aliyewahi kuona ua jeupe la mchai kule Kericho au Mufindi, na kile kishada cha nyuzi za njano katikati yake, ameshaiona sura ya ukoo huo.

Ua hilohilo halipelekwi kwa mgonjwa. Kamelia halipukutishi petali mojamoja. Hudondoka zima, kichwa kizima kwa mpigo mmoja, na Wajapani wengi huona katika kudondoka huko shingo iliyopitiwa na upanga. Ua la chungu nalo halipelekwi hospitali, kwa kuwa lina mizizi, asije mgonjwa naye akaota mizizi kitandani. Basi ua moja lina heshima kuu katika nyumba moja, na katika nyumba nyingine ni utovu wa adabu. Ua lenyewe halikubadilika. Kilichobadilika ni mlango lililopitia, siku lilipopita, na mkono uliolishika.

Nayasema haya kwa sababu watu wengi wanaposikia habari za lugha ya maua ya Kijapani, inayoitwa hanakotoba, hudhani ni kamusi: huku jina la ua, huku maana yake. Kamusi hizo zipo kweli. Sehemu kubwa ya orodha zake ilizaliwa katika enzi ya Meiji, kati ya mwaka 1868 na 1912, Japani ilipoyafungulia milango mambo ya Ulaya na vitabu vya Kizungu vya lugha ya maua vikafasiriwa. Waridi jekundu likaingia na mapenzi yake, maana za kigeni zikachanganyika na za nyumbani, na wakulima na wauza maua wa siku hizi wanaendelea kuongeza nyingine kila aina mpya inapotoka. Ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kulipa ua moja maana zinazogombana. Orodha zinamfaa mtu anayenunua zawadi njiani akielekea kituo cha treni, na ni jambo jema kwamba zinampa neno la kuanzia. Lakini anayenivutia mimi ni fundi: yule ambaye mbele yake kuna tawi lenye maana iliyokwisha kujulikana na kila mtu, na kazi yake ni kulifanya liseme maana hiyo kweli.

Ufundi huo una historia ndefu kuliko orodha. Mwanzoni mwa karne ya 11, Murasaki Shikibu, bibi aliyehudumu katika kasri la Kyoto, aliandika Genji Monogatari, na katika kitabu hicho barua haitumwi tupu. Mwandishi huchagua karatasi kwa rangi yake na uzito wake, huandika shairi kwa wino wa mkolezo unaofaa, huikunja karatasi, kisha huifunga kwenye tawi linaloafikiana na shairi, na rangi, na majira. Anayepokea husoma vyote hivyo kabla hajafika kwenye maneno. Tawi lililochelewa kwa wiki moja, ua lililopita kilele chake, karatasi ya rangi isiyopatana na petali: kila kosa lilisomwa, na mtu akapimwa malezi yake kwalo. Mmoja wa wanawake wa hadithi hiyo anaitwa Yūgao, kwa jina la ua la mmung'unye, huu huu unaotambaa kwenye nyua zetu. Kijakazi wake anampa mtumishi wa Genji, shujaa wa kitabu, ua hilo jeupe likiwa limewekwa juu ya kipepeo chenye manukato, kwa sababu kikonyo chake ni laini mno, hakina ushupavu wa kubeba chochote. Ua la mmung'unye hufunguka jioni na kunyauka asubuhi. Na huyo mwanamke hakai kitabuni muda mrefu. Anafariki ghafla usiku mmoja. Murasaki hakutuambia ua hilo maana yake nini. Aliliweka tu mahali pake, nasi tukaelewa.

Karne nne na ushei baadaye, kazi ya kuweka ua mahali pake ilikuwa na mabingwa wanaotambulika kwa majina. Mwaka 1462 mtawa mmoja aliandika katika shajara yake kwamba Ikenobō Senkei, wa hekalu la Rokkakudō mjini Kyoto, alipanga makumi ya mashina katika chombo cha dhahabu, na watu wa mji wakagombania kwenda kuyatazama. Ukoo wa Ikenobō bado unafundisha pale pale Rokkakudō. Kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya wanaume, watawa na wapiganaji na watu wa kasri. Wanawake waliingia kwa wingi enzi ya Meiji, somo hilo lilipopelekwa katika shule za wasichana. Leo kazi yenyewe huitwa ikebana, au kadō, njia ya maua. Wanaojifunza hukaa katika njia hiyo miaka na miaka, na wazee waliozeeka nayo bado humwita mtu mwalimu.

Tazama mikono ya anayeifanya. Kwanza tawi hukatwa likiwa limezamishwa ndani ya bakuli la maji, mkasi na shina vyote viko chini ya uso wa maji. Sababu ni ya kimaumbile: shina lililokatwa hewani hufyonza hewa, na kipovu kidogo hukaa ndani ya mshipa kikazuia maji kupanda. Mashina mengine huwa magumu zaidi, hayo hupasuliwa au kupondwa mwisho wake, mengine huchomwa moto au kutumbukizwa katika maji yanayochemka. Fundi hujua lipi linataka lipi. Kisha tawi huinuliwa na kuzungushwa polepole, kwa sababu kila tawi lina uso na lina mgongo. Lilipokuwa mtini upande mmoja ulitazama jua, majani yakajipanga kwa ajili yake. Mpangaji huutafuta upande huo, na mpaka aupate, mkasi hautumiki tena. Hapa ndipo mwanafunzi huwa na pupa. Mwalimu atakaa na tawi moja mkononi mpaka wewe mtazamaji uanze kujiuliza anangoja nini, na kumbe anatafuta jani moja linaloziba mkunjo ambao ndio uzuri wote wa tawi lile. Akilipata, analiondoa. Mkunjo unatokea. Ulikuwapo siku zote.

Katika mtindo uitwao shōka, matawi makuu ni matatu: shin, soe na tai. Shin likiwa shubiri sita, soe huwa nne na tai mbili, na kutokana na vimo hivyo hupatikana pembetatu isiyolingana pande zake, inayosimama bila kuonekana imesimamishwa. Mbingu, dunia na mwanadamu hukaa katika matawi hayo, ingawa shule mbalimbali hazikubaliani lipi ni lipi. Jambo linalonishangaza zaidi liko chini. Mashina yote, hata yakiwa mengi, hushikiliwa na kijiti cha panda kilichobanwa mdomoni mwa chombo, na hutoka majini yakiwa yamefuatana kwa usahihi hata mtazamaji wa mbele aone shina moja. Juu yametawanyika kila moja kwa tabia yake. Chini yametoka katika asili moja. Sehemu hiyo, pale shina linapouacha uso wa maji, haiwekewi jani wala ua la kuificha. Huwezi kudanganya pale. Ukitaka kumpima fundi, usiangalie maua yake, angalia sehemu hiyo. Kibao kizito chenye sindano za shaba, ambacho watu wengi hudhani ni cha zamani sana, kilienea baadaye, Ohara Unshin alipobuni mtindo wa chombo kipana chenye maji ya kina kifupi mwishoni mwa karne ya 19.

Kisha kuna kukunja. Tawi la msunobari au la mplamu halikubali amri ya haraka. Fundi hulishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa vimegusana upande wa ndani wa mkunjo, akalipa joto la viganja, akalisukuma kidogo, akaliachia, akalisukuma tena. Likilia, ameshaharibu.

Sasa rudi kwenye maana. Kila Mjapani anajua kwamba msunobari ni maisha marefu, kwa kuwa haupotezi ukijani wake baridini. Kwamba mwanzi ni uimara wa kuinama bila kuvunjika. Kwamba mplamu, unaochanua Februari theluji ikiwa bado iko chini, ni ustahimilivu. Mitatu hiyo hukaa pamoja katika sherehe za Mwaka Mpya na za arusi. Hakuna siri hapo. Lakini chukua tawi la mplamu, ulisimamishe peke yake, lina maua mazuri tu. Fundi huchukua kipande cha gogo kizee chenye kuvu na magamba, kilichopinda na kuonekana kimekufa, halafu ubavuni mwake akaweka chipukizi la mwaka huu, jembamba, lililonyooka wima, lenye matumba mawili matatu na nafasi tupu katikati yake. Hapo ustahimilivu hausemwi tena kwa jina. Unauona umri ukilizaa jani jipya. Neno la kamusi limepata mwili.

Mfano bora kabisa ninaoujua ni wa kakitsubata, airisi ya maji yenye ua la zambarau, ambayo Ogata Kōrin aliichora kwenye skrini zake mashuhuri zinazotunzwa katika makumbusho ya Nezu mjini Tokyo. Mmea huu wapangaji huuheshimu kuliko mingi. Majani yake hutoka yakiwa yamekumbatiana kwenye shina. Fundi huyatenganisha moja moja, huyapanga kwa urefu, kisha huyaunganisha upya kwa namna anayoitaka, na yanashikana yenyewe. Ncha ya kila jani imejikunja kidogo kuelekea upande mmoja, na mwelekeo wa ncha hizo ni lazima uzingatiwe jani kwa jani. Mtu asiyejua atadhani majani yale yamekatwa yakiwa hivyo. Kumbe kila fungu limevunjwa na kujengwa tena ili lifanane na lile lililoota mtoni, ila sasa limesema waziwazi kile ambacho mtoni lilikuwa likikinong'ona.

Na halijengwi namna moja mwaka mzima. Katika majira ya kuchipua ua hukaa chini, majani yamelizidi kimo, kwa kuwa ndivyo mmea unavyokuwa wakati huo. Kiangazi kikifika, vikonyo hupita majani na maua hutokea juu. Majira ya mapukutiko yakiingia, ua hurudi chini tena, na majani hulegea, mengine yamegeuka rangi na yamekatika ncha, na fundi huyaacha hivyo kwa makusudi. Tumba ni kesho, ua lililo wazi ni leo, jani lililoungua kingo zake ni jana, na vyote vitatu vimesimama katika maji yale yale. Mtu anaweza kusomewa maana ya airisi katika orodha, akaambiwa ni habari njema au ni bahati, na maana hiyo si ya uongo. Lakini kwenye chombo kile amepewa mwaka mzima, na saa aliyosimama ndani yake.

Sen no Rikyū, bwana wa chai aliyeishi kati ya 1522 na 1591, aliwafundisha wanafunzi wake waweke ua kama linavyokuwa kondeni. Husimuliwa kisa chake na Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekuwa na Japani yote mkononi. Hideyoshi alisikia kwamba bustani ya Rikyū imejaa asagao, maua ya faneli yanayofunguka asubuhi na kufumba jua likipanda, jamii moja na kiazi kitamu. Akataka kuyaona. Alipofika alfajiri hakukuta hata moja, yote yamekatwa. Akaingia chumba cha chai na hasira zake. Ndani, katika kishubaka cha giza, limewekwa asagao moja. Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa werevu, nami naona kina jambo zito zaidi. Rikyū alilipa gharama. Bustani nzima ilikwenda ili jicho la mtu mmoja lisitawanyike, na ua ambalo maana yake ni asubuhi fupi likapewa asubuhi yake peke yake.

Mikono hiyohiyo ya Rikyū ilikata mwanzi mwaka 1590, wakati jeshi la Hideyoshi limeuzingira mji wa Odawara, ikautumia kutengeneza vyombo vya maua. Kimojawapo, kiitwacho Onjōji, kina ufa mbele, na leo kinatunzwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Mwaka uliofuata Hideyoshi alimwamuru Rikyū ajiue, naye akajiua.

Si kila maana imetoka kwa mabwana wa chai. Higanbana, yungiyungi jekundu lenye nyuzi ndefu zilizopinda, huchanua Septemba kwenye siku ambazo mchana na usiku hulingana, wakati familia zinakwenda kuzuru makaburi. Hutoka ardhini bila jani hata moja. Majani huja baadaye, ua likiwa limekwisha kwenda, na wawili hao hawakutani. Watu husema ni ua la kutengana, ua la wafu. Walioliweka makaburini na kwenye kingo za majaruba ya mpunga walikuwa wakulima, na walikuwa na sababu yao: tunguu lake lina sumu, huwafukuza fuko na panya wasichimbue maiti wala kutoboa kingo za maji. Wakati wa njaa tunguu hilohilo lilipondwapondwa na kusafishwa kwa maji mara nyingi mpaka sumu ikatoka, likaliwa. Huzuni iliyo katika ua hili ilipandwa kwa jembe. Kwa hiyo naliheshimu, na watu wanaokataa kuliingiza ndani ya nyumba nawaelewa.

Sakura, mcheri, ndiyo inayojulikana ulimwenguni kote, nami sitakaa nayo sana. Miti mingi ya sakura inayopandwa mijini ni ya aina iitwayo Somei Yoshino, ambayo huzalishwa kwa kubebesha, hivyo yote ni mti mmoja uliorudiwa. Ndiyo maana hufunguka pamoja na kumwaga petali pamoja. Uzuri unaopita upesi ni maana ya kale na ya kweli. Lakini katika vita vya karne ya 20 dola iliichukua maana hiyo, ikawaambia vijana kwamba kufa mapema ni kuanguka kama petali, na ua hilo likachorwa ubavuni mwa ndege za kujitoa mhanga. Mkono unaoweza kulisemesha ua unaweza pia kulisemesha uovu, na ua halina namna ya kukataa. Fundi wa kweli hubeba jukumu hilo kila anaposhika mkasi.

Kiku, krisantemu, lina petali 16 katika nembo ya ukoo wa Mfalme wa Japani. Na kiku jeupe ndilo linalojaza madhabahu ya mazishi. Usiku wa kuamkia siku ya tisa ya mwezi wa tisa, mabibi wa kasri la zamani walilaza nyuzi laini za hariri juu ya maua ya kiku, asubuhi wakajifuta uso kwa umande ulionyonywa, wakiomba uzee uchelewe. Napenda jambo hilo kwa sababu lilifanywa kwa vidole, kwenye giza, na mtu aliyelazimika kuamka mapema.

Nasi tumo katika biashara hii. Waridi nyingi ambazo Japani hununua kutoka nje zinatoka Kenya, zimekatwa Naivasha na mikono ambayo nayo inajua saa ya kukata na pembe ya kukatia. Na kutoka Tanzania lipo ua dogo la milima ya Usambara, ambalo mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao Ulaya, likabatizwa Saintpaulia kwa jina lake na kusambaa kwenye madirisha ya dunia. Wajapani wanalilea vyunguni, na orodha zao za hanakotoba zimelipa maana ya mapenzi madogo. Ni maana nzuri, nami nafurahi kwamba walilitazama vya kutosha kuona udogo wake.

Ningependa kuona mwalimu wa ikebana akipewa ua hili. Si kazi rahisi. Kikonyo chake hakifiki hata urefu wa kidole, jani lake ni nene na lina manyoya yanayochafuka likiguswa na maji, na huko kwake huota kwenye nyufa za mawe yenye unyevu, ndani ya kivuli cha msitu. Teshigahara Sōfū, aliyeanzisha shule ya Sōgetsu mwaka 1927, alifundisha kwamba kazi hii yaweza kufanywa popote, na yeyote, kwa kitu chochote. Pengine mwanafunzi wake angetafuta jiwe kwanza, lenye kuvu, akalilaza kwenye chombo kipana chenye maji kidogo, akaacha upande mzima mtupu. Kisha angelizungusha lile ua mkononi, taratibu, atafute upande uliotazama mwanga.